Salio la Mkulima wa Korosho

Anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, awe chuoni Dar es Salaam au Mtwara mjini, hukutana mapema na zoezi la akaunti ya benki. Akaunti inapewa namba, jina la mwenyewe na salio. Fedha zikiwekwa, salio linaongezeka, zikitolewa, linapungua, zikitakiwa nyingi kuliko zilizomo, programu inakataa na kusema salio halitoshi. Mistari michache inatosha. Mwalimu anatia alama ya vema, darasa linasonga mbele.

Katika mwambao wa kusini, kutoka Mikindani hadi Ruvuma inapoingia baharini, zoezi hilo lina historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe. Zipo kanuni ambazo mwanafunzi huambiwa azifuate bila kuelezwa sababu: usifute muamala, usiandike upande mmoja ukaacha mwingine, usimlipe mtu mara mbili. Watu wa huku wanazijua sababu zake, kwa kuwa wameishi na matokeo ya kuvunjwa kwake.

Kabla Mtwara haijawa bandari, mji ulikuwa Mikindani. David Livingstone alipita hapo mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho, na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895. Fedha za mwambao zilikuwa za namna nyingi: reale za Maria Theresa, rupia za India, kisha pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890, na kuanzia 1904 heller, mia moja kwa rupia. Lakini biashara kati ya duka na shamba haikusubiri sarafu. Mkulima alichukua nguo, chumvi au jembe, mwenye duka akaandika, deni likalipwa kwa mazao. Daftari lilikaa dukani, mara nyingi kwa Kigujarati, na aliyeandikwa humo hakuweza kulisoma. Akaunti ilikuwepo na miamala ilikuwepo. Kilichokosekana ni macho ya upande wa pili.

Waingereza walilishughulikia jambo hilo kwa namna yao. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria inamlinda mkulima asizame kwenye madeni. Kwa vitendo ilimfungia mlango wa benki, maana hakuna benki inayomkopesha mtu ambaye deni lake halidaiki. Hata fedha zilipomwagwa kusini kwa wingi, mkulima alibaki mtazamaji. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulikusudia kufyeka mapori ya Nachingwea, na kwa ajili yake ikachimbwa bandari ya kina kirefu Mtwara na kutandazwa reli. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Reli ikafungwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bandari ikabaki ikingoja mzigo, na mzigo uliokuja kuijaza ni korosho.

Mikorosho ilikuwa imefika mwambao huu karne nyingi nyuma, ikiletwa na Wareno kutoka Brazil, lakini ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo korosho ghafi za uwanda wa Makonde zilipoanza kusafirishwa kwa wingi kwenda viwanda vya India. Huo ni mti wa mkulima mdogo. Mtu ana mikorosho yake michache au mingi, anaokota, anakausha, anajaza gunia. Tangu mwanzo, basi, zao hili lilihitaji hesabu za aina ya pekee: kiasi kidogo kidogo kutoka kwa maelfu ya watu, kinachouzwa kwa pamoja kwa mnunuzi mmoja, kisha fedha zake zigawanywe tena kwa maelfu hao bila hata mmoja kupunjwa. Kwa mwanaprogramu, hilo ni gumu kuliko akaunti moja inayoongezwa na kupunguzwa. Kuna mlango mmoja wa kuingilia fedha na milango elfu ya kutokea, na jumla ya vilivyotoka lazima ilingane na kilichoingia hadi shilingi ya mwisho.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za kigeni zilitaifishwa na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, chini ya Amon Nsekela. Shilingi ya Tanzania yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja. Benki za kikoloni zilikuwa zimehudumia bandari, mashamba makubwa na wafanyabiashara. NBC ilitakiwa ihudumie nchi nzima, na ikaifanya kazi hiyo kwa kalamu. Kila mteja alikuwa na kadi au ukurasa wake katika leja, na kitabu chake mkononi. Mteja akiweka fedha, karani aliandika upande wa mteja na upande wa fedha taslimu za tawi. Jioni pande hizo zililinganishwa, na zisipolingana hesabu zilianza kupitiwa upya, mstari kwa mstari, mpaka kosa lionekane.

Hesabu hizo za pande mbili ni za kale. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alizieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, akiandika yale ambayo wafanyabiashara walikuwa tayari wanayafanya. Nazitaja kwa sababu zoezi la darasani linaziacha kabisa. Mwanafunzi anaandika kwamba salio jipya ni salio la zamani kuongeza kiasi kilichowekwa, na papo hapo salio la zamani limepotea. Karani wa leja asingethubutu. Akikosea hakufuta; aliandika mstari mwingine wa kurekebisha, wenye tarehe na saini, na kosa likabaki linasomeka. Salio kwake lilikuwa jumla ya mistari yote iliyotangulia, na mtu akibisha, mistari ilisomwa tena kuanzia juu. Programu ya benki iliyo timamu hufanya hivyo hivyo: huhifadhi miamala kwanza, salio hutokana nayo.

Kompyuta yenyewe iliingia nchini kwa mguu mbaya. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, ikapewa mzigo mzito kuliko yote, hesabu za serikali. Wataalamu wa ndani walikuwa haba, mfumo haukutengenezwa vizuri, na hesabu zikavurugika kiasi cha kurudishwa kwenye kazi ya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Watu husimulia marufuku hiyo kama kioja cha enzi. Kwangu ina mantiki yake: serikali iliyokuwa na leja zinazosomeka ilipewa mashine ambayo haikuweza kuulizwa fedha zimekwenda wapi, ikaikataa. Hasara ni kwamba marufuku ilidumu kwa miaka, na vijana ambao wangejifunza kuandika mfumo ulio bora hawakupata mashine ya kujifunzia.

Miaka hiyo hiyo korosho ilipanda hadi kileleni na kuporomoka. Msimu wa 1973/74 taifa lilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya wakaacha mikorosho yao mbali. Bei ilikuwa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajawa korosho, mpaka watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, waliposambaza matumizi ya salfa. Tena mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, navyo vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Aliyekuwa na deni lake kwenye daftari la chama kilichovunjwa, ni nani angemsomea mistari yake?

Miaka ya 1990 ilifungua soko. Wanunuzi binafsi walifika vijijini na fedha taslimu, na NBC ikagawanywa mwaka 1997. Sehemu yake moja ikawa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Fedha taslimu zina sifa moja kubwa: muamala unaisha hapo hapo. Zina ubaya wake pia. Mwenye njaa mwezi wa saba huuza korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei ya aliye na noti mfukoni. Ununuzi huo, unaofanywa kwa kopo au bakuli badala ya mizani, ndio unaoitwa kangomba, na hakuna sheria wala operesheni iliyoumaliza.

Stakabadhi ghalani ililetwa kuwa dawa yake. Sheria ilipitishwa mwaka 2005, na mwaka 2007 Mtwara ikawa mahali pa kuanzia kwa korosho. Tuufuate mfumo huo taratibu, kwa sababu ni programu kamili iliyoandikwa kwa watu na karatasi. Mkulima anafikisha gunia kwenye chama cha msingi cha ushirika. Karani anapima, anaandika kilo, daraja na jina, anampa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu. Chama kikuu kinaukusanya na wa vyama vingine na kuupeleka mnadani, ambako kwa miaka mingi barua za zabuni zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, nao wakaamua kuuza au kukataa. Mnunuzi analipa, fedha zinashuka kutoka chama kikuu hadi chama cha msingi hadi kwa mkulima, na kila hatua inakata chake: ushuru, ghala, usafiri, gharama za chama, mchango wa pembejeo.

Katika miaka ya mwanzo mkulima alipewa malipo ya awali alipofikisha mzigo, kwa mkopo wa benki uliodhaminiwa na korosho zilizoko ghalani, na malipo ya pili yalifuata baada ya mnada. Hapo ndipo pabaya palipokuwa. Muamala mmoja uligawanywa vipande viwili vilivyotengana kwa miezi, na kati yake palikuwa na deni la benki, riba, bei ya dunia na makato ambayo hakuna aliyemsomea mkulima. Aprili 2013, Liwale, mkoa jirani wa Lindi, malipo ya pili yalikuja pungufu sana kuliko yaliyoahidiwa. Wakulima wakaandamana, na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Sishangilii moto ule. Palikuwa na watoto ndani ya familia hizo. Lakini nikiulizwa mfumo ulikosea wapi, nitajibu kwamba mkulima alikuwa na stakabadhi inayoonyesha alichotoa, wala hakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha kilichotokea baada ya hapo.

Jambo hili la muamala kukatwa katikati lilikwisha kufikiriwa mbali sana na hapa, na mtu aitwaye Jim Gray. Mmarekani huyo ndiye aliyeweka misingi ya namna kompyuta inavyotunza muamala, na mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa ya sayansi ya kompyuta. Katika maandishi yake ya mwaka 1981 aliweka masharti ambayo leo kila benki inayategemea: muamala ufanyike wote au usifanyike kabisa, uache hesabu zikiwa sawa, na ukishathibitishwa usipotee hata umeme ukikatika. Shilingi laki moja zikitoka kwa Asha kwenda kwa Hamisi, na mashine ikazimika baada ya kumpunguzia Asha kabla ya kumwongezea Hamisi, mashine ikiwaka lazima imrudishie Asha au immalizie Hamisi. Haina ruhusa ya kubaki katikati. Gray alikuwa mtu wa bahari. Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco, na hakuonekana tena, pamoja na kutafutwa kwa meli, ndege na picha za setilaiti. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Mtwara ilianza na stakabadhi zake.

Kisha ikaja 2018. Msimu uliotangulia nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 300,000, na bei mnadani zilikuwa zimekwisha kugusa shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Malori ya jeshi yakaingia Mtwara, na fedha zikaelekezwa kwenye akaunti za benki za wakulima, mmoja mmoja.

Uwanda mzima wa Makonde ukawa, kwa pamoja na kwa haraka, zoezi la akaunti ya benki. Kila udhaifu wa zoezi ukajitokeza. Akaunti inatambuliwa kwa namba, na namba zilikuwa zimeandikwa kwa mkono kwenye orodha za vyama. Tarakimu moja ikikosewa, fedha zinarudi au zinakwenda kwa mwingine. Majina yalifanana. Akaunti nyingine zilikuwa zimelala. Halafu lilikuwepo swali la kangomba: mwenye tani nyingi kwenye orodha, je, ni zake? Serikali ikatuma vikosi vya uhakiki kulinganisha kilo na mashamba, hasa kwa waliopeleka zaidi ya kilo 1,500. Uhakiki ulichukua muda, na wengine walilipwa mwaka uliofuata, wakati ada za shule na maandalizi ya shamba vilikuwa vimewapita.

Programu inaweza kuthibitisha kwamba namba ipo na kwamba salio linatosha. Haiwezi kujua mikorosho ni ya nani. Mlanguzi aliyenunua kwa kopo na kuuza kwa jina la shemeji yake alikuwa na stakabadhi halali na akaunti halali. Naye mama wa Tandahimba mwenye mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake, aliyevuna tani mbili kwa jasho lake, aliingia kwenye orodha ya washukiwa kwa sababu alizidi kiwango. Kiwango ni mstari mmoja wa msimbo: kama kilo zinazidi 1,500, simamisha. Ni rahisi kuuandika, na mtu anayeuandika kwa kawaida haoni uso wa atakayesimamishwa.

Liko pia jambo la ukubwa wa tarakimu, ambalo wanafunzi hulipuuza. Kompyuta ikitengewa biti 32 za kuhifadhi namba kamili, hasi na chanya, namba kubwa inayoweza kushikwa ni 2,147,483,647. Walimu hushauri, kwa haki kabisa, fedha zihifadhiwe kwa senti kama namba kamili, kwa kuwa namba za desimali za kompyuta hupoteza vipande vidogo visivyoonekana. Lakini kwa senti, kikomo hicho ni shilingi milioni 21 na ushei tu. Kwa bei ya 3,300 ni kilo 6,507. Chama cha msingi kinachouza tani saba kinavuka kikomo, na salio linageuka kuwa hasi. Ukiacha senti ukahesabu shilingi, kikomo kinafikiwa kwenye tani 650, mzigo ambao chama kikuu huuvuka kwa mnada mmoja. Vitabu vilivyoandikwa kwa dola havimwonyi mwanafunzi wa Mtwara kuhusu hili, wala havimfundishi kwamba malipo yakigawanywa kwa watu mia tatu na kila mmoja akapunguziwa senti za mwisho, senti hizo lazima ziandikwe zimekwenda wapi.

Wakati huo huo mwambao ulikuwa umekwisha kupata benki nyingine, iliyoko kiganjani. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kuanzia 2014 mitandao ya simu ikaanza kupokezana fedha. Msimbati, Kilambo penye kivuko cha kwenda Msumbiji, na vijiji vya wavuvi na wachimba chumvi kando ya mikoko, mahali ambapo tawi la benki lisingefika, kulifika wakala na mwavuli wake. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, mtumaji hubonyeza tena. Hapo mfumo lazima ujue kama agizo la pili ni jipya au ni lile lile, ndiyo maana kila ujumbe wa uthibitisho una namba yake ya kumbukumbu. Programu ya darasani haina namba hiyo. Ukibonyeza mara mbili, inakutoa mara mbili, tena bila wasiwasi.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya kina mama wa huku vimelitatua suala la kuaminiana kwa vifaa vya kawaida. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya kikao. Kila hisa inaandikwa kwenye kitabu cha mwanachama, na fedha zilizomo zinahesabiwa na kutajwa kwa sauti ili wote wasikie na kukumbuka mpaka kikao kijacho. Mbunifu wa mifumo ya benki akiketi nao kikao kimoja atakuta humo karibu kila alichofundishwa kuhusu usalama, na kimoja ambacho huenda hakufundishwa: kwamba hesabu ya kila mtu inasomwa kwa mwenyewe, kwa lugha anayoielewa.

Msimu wa 2024/25 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Barua za zabuni zikaondoka, bei zikaonekana kwenye skrini, na Oktoba korosho za Mtwara zikauzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Upande wa bei, sasa kuna mwanga. Upande wa mizani, karani anapoandika kilo na jina, orodha hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye kompyuta. Upande wa mwisho, ujumbe wa benki unamtajia mkulima kiasi kilichoingia na salio. Kati ya kilo zake zilizozidishwa kwa bei ya mnada na kiasi hicho yako makato, kila moja lina jina lake, kiwango chake na mpokeaji wake, na yote yamekwisha kuandikwa mahali fulani kabla fedha hazijatumwa. Mwanafunzi wa Mtwara anayetaka kulikamilisha zoezi lake aongeze amri moja baada ya kuweka, kutoa na kuhamisha. Iitwe soma. Ikipewa namba ya stakabadhi, irudishe mistari yote kuanzia mizani, pamoja na ile iliyorekebishwa, kwa Kiswahili na kwa urefu unaoenea kwenye simu ya batani.